Kukhu na Matanga ya Watu Wengine

Harufu ya fulu ndiyo iliyonifanya nichukie safari. Fulu ni wale samaki wadogo wa ziwani wanaoanikwa juani mpaka wakauke kama vijiti, na bibi yangu, ambaye kwa Kisamia tulimwita Kukhu, hakwenda popote bila kikapu chao, kwa sababu alijua mfiwa hamfukuzi mgeni aliyeleta mboga. Kikapu kilikaa juu ya kichwa changu mimi. Jua likikipata vizuri harufu ilishuka kwenye nywele, ikaingia kwenye kola ya gauni, na haikutoka hata nikioga mtoni na kipande cha sabuni. Nilikuwa na miaka kama kumi hivi, uhuru ulikuwa bado mpya, na miguu yangu ilishazijua njia zote za kutoka kwetu Dabani, upande wa Uganda karibu na mpaka wa Kenya: ya kushuka Lumino, ya kuvukia Busia, na ile ndefu ya vumbi ya kwenda Tororo.

Hapa lazima nieleze, maana watoto wangu hawaelewi. Siku zile mwanamke mwenye heshima hakuamka tu asubuhi akasema nasafiri. Watu wangeuliza ameachika, au anafuata nini huko. Lakini akisema kuna msiba, kila mlango ulifunguka. Mwenye baiskeli alimpakia, kondakta wa basi alimtafutia kiti, na yule askari wa mpakani, aliyekuwa peke yake na mti wake uliolazwa barabarani, aliuinua na kusema poleni sana. Kukhu alikuwa mjane, mrefu wa miguu, na kutulia hakukujua. Aliwalilia watu ambao hakuwahi kuwaona wakiwa hai: shemeji ya jirani, mama mzazi wa fundi wa baiskeli, mtu fulani wa Lumino ambaye tulilijua jina lake tulipofika kaburini. Siku moja, shingo ikiniuma, nilimwuliza huyu wa leo ni nani wetu. Wala hakukasirika.

"Simjui," alisema. "Mimi nakwenda kuona tu."

Kuona tu. Nimebeba kikapu tangu alfajiri, nimenuka kama soko la ufukweni, ili yeye aone tu.

Mwaka ule nilikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara, sakramenti ambayo kwetu askofu ndiye aliyeitoa. Askofu alikuwa anakuja misheni yetu mwisho wa kiangazi, na alikuwa hajafika tangu nikiwa mdogo sana, kwa hiyo atakayemkosa angengoja mpaka arudi tena, na lini, hakuna aliyejua. Katekista wetu alikuwa mtu mkali, mwenye sheria moja: asiyefika kwenye mtihani wa Jumamosi ya mwisho, asivae nyeupe. Nilikitaka kipaimara kuliko chakula. Mtoto anapata wapi hamu ya namna hiyo sijui; mimi naamini nilipewa. Nilijifunza maswali nikitembea nyuma ya Kukhu, nikiyataja mapaji saba ya Roho Mtakatifu chini ya kikapu, halafu nikirudi darasani kutoka matangani wenzangu wanakunja pua. "Fulu amefika," walisema. "Haya, leo umezika nani?" Mama yangu aliona yote hayo, lakini yeye alikuwa mkwe pale, na mkwe hawezi kumwambia mama mkwe wake akae nyumbani. Baba alikuwa Jinja kazini.

Basi wiki yenyewe ya mtihani zikaja habari kwamba Mzee Owori, aliyefanya kazi ya reli pamoja na babu yangu, anaumwa sana kwake, nje kidogo ya Tororo. Anaumwa, hakuna aliyesema amekufa. Kukhu akasema twende Ijumaa, tumkute yeye au tukute matanga, na basi la Jumamosi alfajiri litaturudisha kabla ya mtihani. Nililia njia nzima mpaka barabarani. Watu waliotuona walidhani namlilia Mzee Owori, wakatupa pole, na Kukhu akazipokea.

Tuliposhuka Tororo alisimama katikati ya njia akilitazama lile jiwe kubwa linalosimama peke yake juu ya mji, akalitazama kama mtu aliyeliagiza na sasa anakagua kama limefika zima. Nikamkumbusha mgonjwa. Tulipokaribia kwa Owori tukaona moshi mwingi, wanawake wamefuatana na mitungi ya maji, wanaume wanabeba miti na majembe, wazee wamekaa uani. Kwetu ukiona hivyo huulizi. Kukhu alivua kitambaa cha kichwa akajifunga kiunoni, akaweka mikono kichwani, akaingia uani mbio akilia kama inavyotakiwa, akimwita Owori kwa jina na kumwuliza ametuachia nani. Mimi nyuma yake na kikapu, nalia pia, kwa kuwa nilishazoezwa. Watu wote wakaacha kazi wakatutazama. Kumbe walikuwa wanajenga nyumba ya jiko. Mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka mzee mwembamba amejifunika blanketi, akashika mwimo wa mlango. Yeye alikuwa Mjapadhola, mtu wa kabila la huko, Kisamia hakukijua, kwa hiyo alisema kwa Kiswahili.

"Mama, nani amekufa hapa?"

Kukhu bado ana mikono kichwani. "Wewe," alisema. "Lakini naona bado."

Vijana walicheka mpaka wakaangusha miti. Wazee hawakucheka. Walisema kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia kaburi, na dawa yake ni moja: aliyelia haondoki mpaka ale sahani moja na aliyemlilia, usiku, na asubuhi, na mchana tena, watu wote wakiona kwamba anameza. Kukhu akakubali upesi sana. Nikasema kuna mtihani. Nani ananisikia? Basi la alfajiri lilipita tukiwa tunachemsha uji, na saa ambayo wenzangu walikuwa wanapanga mstari mbele ya katekista, mimi nilikuwa nimechuchumaa jikoni kwa watu nachambua fulu wa mtu niliyemzika akiwa hai.

Nilishindwa kujizuia, nikalia mpaka chakula cha mchana kilipoandaliwa. Mzee Owori alinisikia kutoka kwenye kiti chake akaniita. "Na wewe," aliuliza, "leo unamlilia nani?" Nikamwambia yote, mpaka habari ya gauni jeupe ambalo mama alishalishona. Akaweka tonge chini. Ndipo tukajua kwamba baada ya reli alikuwa katekista miaka mingi, na bado alifundisha watoto wa pale kwao siku ambazo kifua kilimruhusu. Akaanza kuniuliza, pale pale uani. Sakramenti ni nini. Mapaji ni mangapi, yataje. Kwa nini askofu anampiga mtu kofi dogo shavuni. Aliuliza mpaka chakula kikapoa, na Kukhu asingeweza kula bila yeye, kwa hiyo naye akakaa na njaa, jambo ambalo sikulihuzunikia. Mwisho akamgeukia.

"Askofu akitoka kwenu anakuja kwetu Jumapili inayofuata," alisema. "Mlete. Nitamsimamisha na wangu."

Kukhu akasema atanileta, na nikaona macho yake yameng'aa. Nilijua kabisa hayakung'aa kwa ajili ya Roho Mtakatifu. Alikuwa amepata safari nyingine.

Nyumbani katekista wetu alishika neno lake, na nilisimama kando ya njia nikiwaangalia wenzangu wakipita na nguo nyeupe. Wiki iliyofuata, Jumamosi, tukaondoka. Basi la Tororo lilikuwa linapita karibu na kwetu. Kukhu hakulitaka. Alisema marehemu mume wake aliitengeneza reli miaka yote ile na yeye hajawahi hata kuikalia. Kwa hiyo tulikwenda Busia, tukavuka kuingia Kenya, tukapanda lori la mahindi mpaka Malaba, tukakaa chini stesheni na kikapu tukingoja treni ambayo kila mtu alisema iko njiani, ili tupande kituo kimoja tu na kurudi Uganda tulikotoka. Nilisali rozari nzima, na siwezi kusema nilisali kwa upendo. Treni ilipokuja Kukhu alitoa kichwa nje ya dirisha tangu Malaba mpaka Tororo, akateremka uso mweusi kwa masizi na meno yote nje.

Gauni langu alikuwa amelipakia kwenye kikapu. Asubuhi lilikuwa jeupe, halina doa, na linanuka fulu. Hakukuwa na muda wa kulifua. Mzee Owori alinisimamisha mwisho wa mstari wa watoto wake, akiegemea fimbo, na askofu alipofika kwangu akaniinamia na kidole chenye mafuta matakatifu, akasita kidogo, akavuta pumzi, akaendelea. Hivyo ndivyo nilivyompokea Roho Mtakatifu. Kukhu alikuwa nyuma kabisa, na masizi bado masikioni.

Niliolewa upande wa Kenya, nikazaa, na kusoma vizuri nimejifunza ukubwani, jioni, baada ya kuosha vyombo. Kukhu alizikwa Dabani, na waliokuja walijaza uani mpaka njiani, wengi wao hatukuwajua hata kwa sura. Mimi si mtu wa safari. Lakini mwaka huu, baada ya Pasaka, nilijikuta nataka kuliona kanisa lile la Tororo, na jiwe. Hakuna mgonjwa, hakuna biashara, hakuna aliyekufa. Pale Malaba malori yamepanga foleni mpaka macho yanachoka, mawakala wanagombania karatasi, vijana wananyang'anyana mkoba wangu waubebe. Ofisa dirishani ni sawa kwa umri na kitindamimba wangu. Akaniuliza nakwenda kufanya nini Uganda. Neno matanga lilikuwa tayari kwenye ulimi, na najua angesema pole mama, akagonga muhuri. Lakini sikupakwa mafuta yale ili nidanganye dirishani.

"Nakwenda kuona tu," nilisema.

"Kuona nini?"

"Kuona."

Akapumua kama ninavyopumua mimi wanangu wakinichosha, akaniambia nisogee pembeni, wenye sababu wapite. Nikasogea. Jua la saa sita lilikuwa kichwani pale pale pa kikapu, nami nimemkasirikia yule ofisa, na zaidi nimemkasirikia Kukhu, ambaye hakuwahi kuambiwa asogee pembeni maisha yake yote. Foleni ilipoisha akaniita, akaniuliza tena. Nikamjibu vilevile.