Mama Kioo na Magego ya Kushoto

Saa tatu asubuhi, chumba cha kusafisha damu kina watu watano: msichana wa miaka tisa aliye kitandani, mkono wake wa kulia umeunganishwa na mashine, bibi yake, shangazi atakayempa figo, muuguzi wa zamu, na tabibu wa meno, ambaye watoto wa wodi humwita Mama Kioo.

Kioo chenyewe ni kidogo kama kifungo cha koti. Anakipasha joto kiganjani, kisha anakiingiza kinywani mwa msichana.

Zimebaki wiki mbili msichana apandikizwe figo. Wapasuaji wanasubiri barua moja tu, ya kuthibitisha kwamba kinywa hakina uambukizo. Dawa za kulinda figo mpya hushusha kinga ya mwili, na jino bovu huweza kuzusha maradhi makubwa.

Mwandishi wa barua hizo, kwa miaka kumi na mmoja sasa, ni Mama Kioo. Amekwisha kujaza madaftari matatu ya hali ya meno ya watoto wa figo.

"Nilitarajia watoto hawa wawe na meno mabovu kuliko ndugu zao," anasimulia. "Daftari likanikatalia. Ugaga, ule utando mgumu unaoganda kwenye meno, wanao mwingi, ila matundu ni machache."

Aliuliza mpaka akaelezwa: urea, taka ambayo figo zimeshindwa kuitoa, huingia hata kwenye mate na kupunguza makali ya asidi inayotoboa meno.

Ndiyo maana leo kioo kinasita. Magego mawili ya kushoto yameoza. Ya kulia ni mazima.

"Mate ni yale yale," anasema taratibu. "Kwa nini kushoto tu?"

Anatazama mashine, iliyo kulia. Anatazama kiti cha bibi, kilicho kushoto, na mkoba alioupakata.

"Mama, mkobani mna nini?"

Bibi anakohoa. "Pipi."

"Bibi ana duka humo," msichana anadakia. Muuguzi anacheka, bibi hacheki.

"Amepimiwa vikombe viwili vya maji kwa siku, mwanangu. Ananiomba maji, nami nimtazame tu? Namtilia pipi shavuni, kiu ipoe."

"Kila akija hapa?"

"Na nyumbani, shavu lile lile."

Shangazi anainamia kitanda. "Huwezi kuyaziba, dada?"

"Ufa ningeuziba. Huu ni mlango."

"Kwa hiyo nimemharibia figo yake?" bibi anauliza, sauti imeshuka.

"Hujaharibu figo, Mama. Kiu umeitibu kwa sukari, na mate yakashindwa."

Mama Kioo anafunga daftari, anawageukia wote.

"Barua siisaini leo. Magego yanatoka kesho, siku isiyo ya mashine. Baada ya siku kumi nitakagua vidonda. Vikipona nasaini, na tarehe yenu haisogei. Visipopona, tutaisogeza. Pipi zinabaki kwa muuguzi. Kiu ikimshika, apewe kipande cha barafu, kihesabiwe ndani ya vikombe vyake viwili. Na wa kumtilia, Mama, ni wewe."