Waini ya Krismasi na Kibuyu cha Mutiso

Waini ilimpata Mama Kyalo usoni, ikashuka shingoni, ikamalizia na gauni lake jeupe, na kizibo (gunzi la mahindi nililoligonga mimi mwenyewe kwa mwiko) kikaruka kikagonga bati la juu, kikarudi kumwangukia bwanake kwa sahani ya pilau. Mimi nimesimama katikati ya sebule nimekumbatia kibuyu kinachotoa povu kama mbwa mgonjwa, na neno la kwanza lililonitoka mdomoni, Mungu anisamehe, lilikuwa, "Karibuni."

Aibu hiyo inanichoma mpaka leo, hata nikiwa nimekaa sokoni na sukuma wiki zangu. Na mimi si mtu wa kuaibika haraka. Shule niliachia darasa la nne, nimezika bwana, nimeponea kansa ya titi na nikarudi sokoni nikicheka. Lakini hiyo ilikuwa ntheo ya binti yangu Mwende, siku ya kuletewa mbuzi za mahari, watu wa Kyalo mchumba wake wametoka Athi River na mbuzi zao, na sisi Wakamba tunajua, mbuzi za ntheo zikishapokelewa msichana ameolewa, na wageni wakikasirika kabla ya hapo, wanafungua kamba wanarudi nazo. Mbuzi zilikuwa bado zimefungwa kwa ua. Nilikuwa nazisikia zikilia.

Yote ilianza kwa sababu Mwende aliniambia wakwe zake hupenda waini mezani wakati wa Krismasi, nikaona soda peke yake itaniangusha. Nikaenda kwa Kioko mwenye duka la vinywaji pale Machakos, nikamwambia nataka waini ya bei ya chini lakini isiwe ile ya kila mtu, iwe kitu mgeni akionja anauliza umetoa wapi. Kioko (mshitakiwa wa kwanza, mjue jina) akanitolea chupa za ofa, nyekundu, zina picha ya ndege.

"Hii ni drai, Mama Mwende. Watu wa maana hawanywi waini ya sukari."

"Drai ni nini?"

"Ni kali kidogo. Kali ya heshima."

Heshima gani! Nilipoonja nyumbani uso ulinikunjika kama nimelamba betri. Mutiso, ndugu ya marehemu bwanangu, ambaye chupa ikifunguliwa popote hapa Mwala yeye husikia, akawa ameshafika.

"Shemeji, ongeza asali na juisi ya nanasi," akasema. "Halafu weka kwa kibuyu. Wageni wataona kitu ya kwetu, hawataona chupa ya ofa."

Nilifurahi, siwezi kudanganya. Akaniletea kibuyu chake kikubwa, kile hutengenezea pombe ya kaluvu. Nikamwuliza pale mlangoni, "Umekiosha?"

"Shemeji, kwani mimi ni mchafu?"

(Mmeona? Hakujibu.)

Nikamimina chupa kadhaa za waini kwa kibuyu, asali, nanasi, nikaziba kwa nguvu, nikakiweka karibu na jiko kwa sababu hapo ndipo palikuwa na nafasi, kikapata joto Krismasi nzima. Shingo ya kibuyu ni nyembamba, huwezi kuona ndani, na kumbe huko chini Mutiso alikuwa ameacha matunda ya muatine, yale makavu ambayo huchachusha kaluvu, yamelala yakingoja asali tu. Asubuhi ya ntheo, Krismasi imeshapita, nilisikia kitu kikipumua jikoni, ssss, nikadhani ni sufuria ya nyama.

Nikakibeba mpaka kwa wageni, na Mutiso, amekaa kiti kizuri kama ndiye mwenye binti, akasema, "Tikisa kwanza shemeji, asali hukaa chini."

Nikatikisa.

Sasa Mama Kyalo akafuta macho kwa leso, polepole. Akalamba mdomo wa juu. Akalamba tena. Huko nje mbuzi ikalia. Mwende alikuwa amejifunika uso.

"Mama Mwende," akasema, "nimetoka Athi River na kiu hii yote, na kitu tamu hivi unanirushia badala ya kunipatia kwa glasi?"

Bwanake akacheka mpaka akakohoa pilau. Nikamvika Mama Kyalo gauni langu la kitenge, likambana, akacheza nalo hivyo hivyo, na mbuzi zikapokelewa. Kibuyu kilinywewa mpaka tone la mwisho. Zile chupa zingine za Kioko tulipikia nyama.

Kwa hivyo mimi nimeridhika, mtoto wangu yuko kwake na mama mkwe anampenda, na Krismasi ingine nitanunua soda. Lakini nasikia Mutiso anazunguka Mwala akisema ntheo ilifaulu kwa sababu ya waini yake, na watu wameanza kumwita awatengenezee! Gauni la Mama Kyalo mpaka leo liko na doa la zambarau kama ramani. Basi Mutiso, kabla hujapokea sifa ingine, njoo usimame mbele ya huyo mama na hilo gauni lake, unijibu kile nilikuuliza mlangoni: kibuyu ulikiosha, ama hukukiosha?