Simu Ilisema Itanyesha

Nakumbuka, mwanangu, siku ya kuamkia harusi yangu, nilivyolala kwenye mkeka nyumbani kwetu Mwananyamala, mikono na miguu imejaa hina mbichi, chumba kizima kinanukia udi, nusu niko macho nusu naota. Nilikuwa nimechelewa kuolewa, na simu za kupangusa ndiyo kwanza zilikuwa zinatuingia mikononi. Yangu ilikuwa na app ya hali ya hewa. Niliipenda kuliko mchumba, na hilo mume wangu asilisikie.

Chumba cha pili alilala baba. Alikuwa ameugua muda mrefu, sauti imebaki ya kunong'ona, na kitu kimoja tu alikuwa anakisubiri: kuniozesha kwa kinywa chake mwenyewe. Nyumba nzima ilijua, na mimi nilijua.

Kwa sababu ya hina sikuweza kushika kitu. Ikabidi shangazi, dada yake baba, aliyekuwa ananipepea, anibonyezee simu.

"Hapo kwenye kiwingu, shangazi."

Kesho, mvua kutwa. Jumamosi ya wiki inayofuata, jua.

Mimi nilikuwa mtoto wa kukwangua ukoko sufuriani, na tangu utotoni niliambiwa mvua itaninyeshea siku ya harusi. Nilikuwa nacheka tu. Siku ile sikucheka. Nililiona turubai limelowa, wageni wamejibanza ukutani, poda inanichuruzika mashavuni. Nikasema tuahirishe mpaka hiyo Jumamosi ya jua, wakwe wataelewa.

Shangazi akaiweka simu chini.

"Wee mwali, hiyo simu yako inajua mvua, mie sikatai. Haya, iulize na habari za kaka yangu. Jumamosi hiyo atakuwepo?"

Nililia, na machozi yenyewe sikuweza kuyafuta. Akanifuta yeye kwa pembe ya kanga. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Inaanza saa ngapi hiyo mvua?"

Hapo ndipo ninapompendea shangazi. App hakuidharau. Jioni ile ile akawatuma watu wachimbe mfereji kuzunguka turubai, na majiko ya pilau yakahamia barazani kwa jirani. Maana app hizi, mwanangu, zina mambo yake. Zitakwambia Dar es Salaam kunanyesha, wakati Ubungo watu wanavua viatu wavuke maji na Buguruni vumbi linatimka. Lakini safari ile ilisema kweli, na pilau letu halikuingiwa hata na tone.

Ilinyesha kutwa. Mabati yalipiga kelele mpaka sheikh hakusikika uani, basi akaingia na bwana harusi chumbani kwa baba. Mume wangu akakaa ukingoni mwa kitanda, kanzu imelowa hadi magotini, na baba akamshika mkono. Mimi nilisimama nyuma ya pazia. Kwa ile mvua sikusikia hata neno moja. Niliona tu midomo ya baba ikienda taratibu, na mume wangu ameinama kumtegea sikio. Nilijihisi niko ndotoni, na sikutaka mtu aniamshe.

Baba alifariki Alhamisi. Jumamosi ikaja na jua lake kama simu ilivyosema, mbingu imetakata, hata kiwingu hakuna. Tulikuwa tumekaa matanga. Wale wale walionipa hongera ndio walionipa pole.

Kwa hiyo, mwanangu, sikwambii uitupe app. Iangalie. Ikikwambia mvua, anua nguo, beba mwavuli, ondoa magodoro sakafuni kama unakaa bondeni. Halafu chungulia na dirishani, maana simu haikai mtaani kwako. Lakini ukiwa na mtu mgonjwa anayekusubiri, au mzee aliyekuita, usimpangie siku kwa kuangalia viwingu. Nenda, ulowe, utakauka. Mimi nililowa na nimekauka miaka mingi sasa, na mpaka leo mvua ikigonga bati mimi huacha ninachofanya, nikasikiliza.

Mwenyezi Mungu akupe jua la kukutosha shughuli zako, na siku mvua itakapokukuta njiani, ikukute unakwenda kwa anayekupenda, na umkute.