Jina la Tovuti ya Marehemu

Jumatatu saa nne asubuhi, eda yangu ilipokwisha, nilikwenda duka la intaneti pale Jadida. Tovuti yenye darsa za marehemu mume wangu ilikuwa haifunguki, na wanafunzi wake walikuwa wakiulizia.

“Domeni imekwisha muda, Bi,” alisema binti wa dukani. “Ngoja nikutengenezee tu.”

“Mie mjane. Mwakani nani atanitengenezea? Nieleze.”

Akagusa kioo kwa kidole. “Domeni ni jina la tovuti. Seva ni kompyuta inayohifadhi sauti za darsa za marehemu. Jina limekwisha, sauti zipo.”

Nikarudia maneno hayo mpaka akacheka, kisha nikaihuisha domeni kwa mkono wangu. Nyumbani nimebakiwa na jina bila sauti. Dukani nilikuta sauti bila jina.

Mola amrehemu, na amwandikie thawabu kwa kila anayesikiliza darsa zake.