Jina Nililomwandikia Baba

Siku ile naikumbuka mpaka baridi yake, mwanangu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Kitale, nimevaa sketi mpya ya dukani, na nimepanda mlima kurudi kwetu Chepkitale nikijiona kama mimi ndiye mtu wa kwanza duniani kujua kusoma. Cheka tu. Utanyamaza mwenyewe.

Sisi Ogiek tuko wachache, hilo unalijua. Kule juu, kabla ya msitu kufungwa, kila ukoo ulikuwa na sehemu yake, kutoka mto huu hadi mto ule, na mizinga yake imetundikwa mitini. Hatukuwa na seng'enge wala hatimiliki. Mtu akiona mzinga alijua hapa ni kwa fulani, akapita zake bila kugusa kitu. Lakini Kitale nilikosomea, nikikaa kwa mama mmoja Mkikuyu mwenye duka la nguo, nani alijua hayo? Kule tuliitwa Ndorobo, jina la dharau. Wasichana wa darasa langu waliziba pua nikipita, ati nanuka moshi wa kurinia asali. Huyo mama mwenye duka hakuwa mtu mbaya, alinilisha kama mtoto wake, ila hata yeye aliniambia, "Wakikuuliza kabila, wewe sema ni Msabaoti. Hao si wanajulikana?" Nikasema hivyo. Nikasema mpaka nikazoea.

Sasa nilipofika nyumbani nilikuta chifu ameita baraza. Afisa mmoja kijana alikuwa amekuja kuandikisha watu wote wanaoishi pale uwandani, ili ijulikane ardhi ile inakaliwa na akina nani. Lugha yetu hakuijua, akauliza kama kuna aliyesoma. Baba yangu alinisukuma mbele huku ametabasamu, unawajua wazazi. Nikapewa daftari, kalamu na kiti. Wazee wote wamesimama, mimi nimeketi.

Baba alikuwa wa kwanza. Nikamuuliza kabila lake kwa Kiswahili, baba yangu mzazi, kama vile ndiyo kwanza namwona.

"Mimi ni Ogiek," akasema. "Andika hivyo."

Yule afisa akachungulia karatasi. "Hiyo haiko hapa. Lakini weka huku chini kwa wengineo, halafu andika jina lenyewe kwa mkono."

Umesikia? Nafasi ilikuwepo. Kwa miaka mingi nimejidanganya kwamba nililazimishwa, na hakuna mtu aliyenilazimisha. Afisa alikuwa kijana mtanashati, viatu vinang'aa, na tayari nilikuwa nimemwambia mimi ni Msabaoti. Ningesemaje tena kwamba baba yangu ni kitu kingine? Niliona haya, basi. Nikaandika Sabaot. Na baada ya kumwandika baba hivyo, nikawaandika hivyo hivyo watu wa nyumba zote.

Baba hakujua kusoma. Aliinama juu ya daftari akauliza, "Umeandika vile nimesema?"

"Ndiyo, Baba."

Akachovya kidole kwenye wino, akakiweka pale.

Miaka ikapita. Nikaolewa Kabuchai, kwa watu wa miwa na mahindi, nikawa mwalimu wa watoto wadogo. Halafu serikali ikasema ule ni msitu wake, askari wakapanda mlimani kuwafukuza watu. Nyumba zikachomwa, mizinga ikaangushwa, watu wakateremka kwenye mvua na mablanketi mabegani. Baba alikataa kulala kwangu, ati mzee halali kwa mkwe wake, akapanga chumba kimoja Myanga, nyuma ya soko. Mtu aliyezoea kusikia mito sasa alikuwa anaamshwa na posho mill, ile mashine ya kusaga mahindi. Wazee wakatafuta wakili, wakaenda kortini Bungoma. Walitaka kitu kimoja tu, kurudishwa kwao, kwa sababu walikuwa pale kabla ya mtu yeyote kuuita msitu wa serikali.

Siku ya baba kutoa ushahidi nilikuwa nimeketi kwenye benchi la nyuma. Wakili wa upande wa pili akatoa daftari. Nililijua kabla halijafunguliwa.

"Mzee, hiki kidole ni chako?"

"Ni changu."

"Hapa umeandikwa Msabaoti. Na wenzako wote vilevile. Sasa hawa Ogiek unaowasema wametoka wapi?"

Baba akanyoosha mkono. "Aliyeandika ni binti yangu, yule pale. Huyo hawezi kuniandikia uongo. Hiyo karatasi mmeibadilisha nyinyi."

Korti yote ikageuka kunitazama. Mwanangu, hapo ndipo ningesimama. Ningesema maneno manne tu. Lakini niliwaza mume wangu atasemaje, shuleni watasemaje, nikainamisha kichwa nikaangalia sakafu. Baba akaonekana mzee mzushi anayeisingizia serikali. Kesi ikatupwa.

Siku ya hukumu tulitoka nje, nikamwambia yote tukiwa tumesimama kwenye nyasi. Nilitamani anichape. Hakunichapa.

"Ile ya kwanza ulikuwa msichana mdogo," alisema, "na mimi ndiye nilikupeleka huko chini ukafundishwa kutuonea haya. Hiyo tutaibeba wawili. Lakini juzi ulikuwa mama mzima. Nilikutetea nikiwa nimeapa, na wewe ukanyamaza."

Akachukua fimbo yake akaenda stendi peke yake.

Nilikwenda kwa wakili wetu, nikaapa, nikaandikisha ukweli wote kwa ajili ya rufaa. Rufaa bado inangoja mpaka leo. Baba hakungoja. Alifia kwenye kile chumba cha Myanga. Tulimpandisha mlimani tukamzike kwa ukoo wake, askari wakatuzuia kwenye kizuizi cha barabarani, tukarudi na jeneza. Amelala kwenye uwanja wa kanisa, katikati ya watu asiowajua. Namlilia mpaka leo, na sioni kama nitaacha.

Wewe kesho unakwenda Kitale kuchukua kitambulisho. Watakuuliza. Taja jina la watu wako, Ogiek wa babu yako, na kama haliko kwenye fomu, simama hapo hapo mpaka liandikwe. Ukipewa kalamu uwaandikie wasiojua kusoma, andika walichosema, kisha uwasomee kwa sauti. Ukiwa na rafiki asiye wa kwetu, mwambie ule mzaha wa kuziba pua si mzaha, ndio ulionifikisha nilikofika. Na ukikosea, maana utakosea, wewe si malaika, inuka useme wakati uliyemkosea bado yuko humo ndani anakungoja. Ukisema nje, baadaye, unajisaidia wewe mwenyewe tu.

Haya, lete kichwa nikushike. Mungu akupe ulimi usioona haya. Akuzidishie miaka kuliko yangu, na siku moja akufikishe Chepkitale kwa miguu yako mwenyewe, ukiwa hai, bila kumwomba mtu ruhusa ya kupita.