Uwakilishi Mwaminifu

Wanafunzi walimwita Bi Mpira, kwa sababu hakuingia darasani bila ule mpira mwembamba wa kufungia karatasi. Aliuvuta hapa, akaulegeza pale, akawaambia kwamba kila namna ya kuunyoosha na kuubana mduara ule bila kuukata ni mwendo mmoja wa ulinganifu. Ukiikusanya miendo yote unapata kundi, na kundi hilo huwezi kulieleza kwa vipimo vitatu, wala elfu tatu. Vipimo vyake havina mwisho.

"Sasa kitu kikubwa hivyo tutakishikaje?" aliuliza, kisha akajijibu mwenyewe, maana darasa lilikuwa limeduwaa kama kawaida. "Tunakitafutia uwakilishi. Kila mwendo unasimamiwa na kitendo tunachoweza kukiandika ubaoni. Upo uwakilishi mtupu, ambamo kila mwendo unasimamiwa na kukaa tu bila kufanya kitu. Huo nao ni halali, sawa na mbunge anayesinzia." Hapo walicheka. "Na upo uwakilishi mwaminifu. Huo haupotezi kitu."

Miaka thelathini na mbili alifundisha hayo, jioni akirudi kwenye vyumba viwili vyenye kiti kimoja cha kukalia na kingine cha vitabu. Upweke ulimuuma, tena sana, ila alijizoesha kuuita utulivu.

Mama yake alipofariki, Bi Mpira alikuwa amezama kwenye uthibitisho wa hisabati, akaogopa akiuacha siku tatu utamponyoka. Akaandika barua, akamtuma mwenzake wa ofisini akaisome makaburini. Mdogo wake, fundi cherehani, ndugu pekee aliyebaki, hakusema naye tena kwa miaka tisa. Na uthibitisho wenyewe, jamani, ulikuja kukutwa na tundu.

Ndiyo maana kwa somo lake la mwisho kabla ya kustaafu alipiga moyo konde, akamwandikia mdogo wake: "Njoo wewe mwenyewe." Alitaka hilo tu. Akaweka mkoba wake kwenye kiti cha mbele ili kisikaliwe.

Mkuu wa idara alimtuma katibu wake amwakilishe. Mkuu wa chuo alimtuma mtu ambaye hata katibu hakumjua. Bi Mpira akaanza kufundisha, jicho moja mlangoni.

Mlango ukafunguka. Akaingia mwanamke mwenye futi ya ushonaji shingoni, na roho ya Bi Mpira ikaruka. Lakini hakuwa yeye.

"Shikamoo, Mwalimu. Nashona na mdogo wako. Amenituma nimwakilishe." Akatoa bahasha.

Ndani mlikuwa na karatasi iliyochakaa mikunjoni, yenye mwandiko wa Bi Mpira mwenyewe: *Nasikitika kwamba majukumu ya kazi hayaniruhusu kufika. Namtuma mwenzangu aniwakilishe. Moyo wangu uko pamoja nanyi.* Ilikuwa ile ile ya makaburini. Hapakuongezwa neno, hapakupunguzwa neno.

"Hakusema kitu kingine?"

"Hapana, Mwalimu. Alisema humo kila kitu kimo."

Bi Mpira akaikunja barua kwa mikunjo yake ya zamani, akaondoa mkoba kwenye kiti cha mbele.

"Kaa hapa, mama," akasema. "Kilikuwa chake."