Jina Tupu, Bila Shikamoo

Juzi, kwenye duka la intaneti pale Mkunazini, nilikaa jirani na wauguzi wawili wa nyumba ya wazee. Mafunzo yao ya kuhudumia wagonjwa, yanayofanywa kwenye kompyuta, yamefanyiwa marekebisho, na asiyefaulu mtihani upya hapangiwi zamu. Mkubwa wao alishika mausi kwa mikono miwili, mdogo akimfasiria Kiingereza.

"Swali jipya hili, mama. Mgonjwa umwiteje? Waliotunga mtihani wanataka umwite kwa jina lake."

"Jina tupu? Yule bibi wa chumba cha mwisho, rika la mama yangu, nimwite kama nnaita kuku?"

"Wenyewe wanasema ndiyo heshima."

"Na shikamoo?"

"Haimo."

Akajifunika mdomo kwa mtandio, akageuza uso ukutani, ndipo akabonyeza jibu wanalolitaka. Kafaulu! Papo hapo kioo kikawaka rangi, kikampongeza kwa maandishi makubwa, kwa jina lake tupu.

Akaiachia mausi kama imemuunguza. "Hebu! Mie rika lako?"

Mafunzo mapya siyakatai, wazee wetu wanayahitaji. Lakini kile kioo kiliendelea kumtolea macho mama wa watu. Hata shikamoo hakikumpa.